Shangazi Aliyechukua Nyumba ya Pampu

Siku hizi watu wakimsifia binti yangu Lesieli huniambia, "Akosita, wewe umezaa!" Nimezaa ndiyo, nilikuwepo, nakumbuka vizuri sana. Lakini tangu siku aliyozaliwa, mwenye sauti juu ya yule mtoto hakuwa mimi. Alikuwa wifi yangu Toakase, dada mkubwa wa mume wangu. Kwetu huku Haʻapai, visiwa vya Tonga, shangazi ndiye shangazi. Kwenye arusi anakaa mbele, kwenye msiba anakaa mbele, keki ya juu kabisa ni yake, na kitu chochote cha kaka yake akikinyooshea kidole, kimeondoka. Haki hiyo tunaiita fahu, na hakuna wa kuibishia. Mama mzazi yeye mahali pake ni jikoni, na moshi machoni.

Na Toakase alikuwa na kidole chepesi, jamani! Alichukua nguruwe wangu aliyenona. Alichukua feni ya sebuleni huku inazunguka. Siku Lesieli alipotimiza miaka ishirini na mmoja, akachukua mkeka wangu wa sherehe, ule mwembamba laini niliousuka na wenzangu mwaka mzima mpaka vidole vikaota sugu. Nilikuwa nje nafunua tanuri la mawe, nikamwona anapita nao begani, wala hageuki nyuma. Nilisema maneno ambayo mke wa shemasi hapaswi kuyasema.

Msinielewe vibaya. Mimi pia ni shangazi, kwa watoto wa kaka yangu kule visiwa vya Vavaʻu, na nikienda huko sirudi mikono mitupu. Ila mimi huchukua kwa kiasi.

Haya, Lesieli. Huyu alizaliwa na mikono isiyotulia. Alipokuwa darasa la tatu nilirudi kutoka kanisani nikakuta cherehani yangu imetandazwa sakafuni, kila chuma mahali pake, yeye katikati amechuchumaa. Nilitafuta fimbo. Nilipoipata fimbo alikuwa ameshairudishia yote, imebaki skrubu moja tu. Ile skrubu iko kwenye kikombe kabatini mpaka leo, na cherehani inashona, tena bila ule mlio wake wa zamani.

"Huyu angekuwa mvulana," akasema mume wangu Manase, "tungepata fundi kijijini."

"Mvulana unaye," nikamwambia. "Saia akifungua kitu hakifungiki tena. Mwache msichana afungue."

Saia ni kaka yake, amemtangulia kidogo tu. Mwili mkubwa, moyo mlaini, mtu wa kubembeleza hata kuku. Wale wawili wanapendana sana, kwa namna yetu, yaani kwa mbali. Saia alipoanza kuota ndevu alihamia kibanda cha vijana nyuma ya nyumba. Lesieli akiingia tunapoangalia televisheni, Saia anasimama na kutoka. Hajawahi kukaa kifua wazi mbele yake, hajawahi kumtania, hajawahi kutamka neno la ovyo akiwa karibu. Na zaidi ya yote, hajawahi kumhoji. Dada yuko juu ya kaka. Dada akisema, kaka anafanya. Hakuna "kwa nini", hakuna "mpaka wapi". Kijana anayemwuliza dada yake maswali ni kijana asiyefundwa, na mimi wangu nilimfunda.

Lesieli alikwenda Suva, kule Fiji, kusoma uhandisi. Alirudi na cheti, viatu vigumu vya kazi na tabia ya kutazama kila bomba kama linamdai jibu. Akaajiriwa na Bwana Fonua, mwenye kampuni ya pampu za sola kule mji mkuu, Nukuʻalofa, anayezifunga visiwani. Tulichinja. Toakase alikuja, akala, akachukua sufuria.

Lakini Lesieli alikuwa na jambo lililomkaa rohoni, akaniambia siku moja tunaanika nguo. Kabla yake kampuni ilikuwa na mhandisi mwingine wa kike, ʻEseta. Kazi yake ya kwanza wanaume wa kijiji fulani walilalamika, hawakumtaka kisimani kwao. Bwana Fonua akasema basi akae mbele dukani kwa muda, auze koki. Huo muda ulikuwa haujaisha. ʻEseta alikuwa bado anauza koki, na hesabu zake zote za chuo kichwani.

"Mama, kuna kiti cha pili pale dukani, pembeni ya ʻEseta," akasema Lesieli. "Kitupu. Kila nikikiona naongeza mwendo."

"Kiti ni kiti," nikasema.

"Kile kimewekwa kwa ajili yangu, mama. Bwana Fonua anasubiri tu nikosee."

Sasa, kazi yake ya kwanza akapewa wapi? Kijijini kwetu. Nilishangilia. Nilikuwa mjinga.

Mwaka ule mvua ilitusahau. Matangi ya mvua yalibaki mavumbi, kijiji kizima kikategemea kisima, na ile mashine ya dizeli ya kisimani ilikuwa inakohoa kuliko inavyovuta. Lesieli alikuja na paneli zake na pampu mpya, akatuita wanawake ukumbini kutueleza. Akachukua bakuli la supu. "Kisiwa chetu ni chembamba," akasema. "Chini yake kuna maji ya bahari. Maji ya mvua yameelea juu yake, kama mafuta yanavyoelea hapa. Ukichota polepole kwa juu unapata matamu. Ukizamisha upawa mpaka chini, umeharibu." Hata bibi wa miaka themanini alielewa. Mimi nilielewa zaidi ya wote, ndiyo maana yaliyofuata yananiuma.

Mwangalizi wa pampu alikuwa Saia. Nyumba ya pampu ni ndogo, mabati matupu, mlango mmoja, ukigeuka umemkanyaga mwenzio. Kaka na dada hawawezi kubanana humo. Lesieli alimwomba baba yake, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, ampe mwanamume mwingine wa kumsaidia siku hiyo. Manase akakataa katakata.

"Watu watasema watoto wangu wamegombana," akasema. "Saia atakuwa ndani, wewe nje kwenye paneli zako. Mama yenu atakaa mlangoni. Ukiwa na neno, unamwambia yeye, yeye anamwambia Saia."

Basi Jumamosi hiyo nikaketi kizingitini na beseni la viazi vikuu vya kumenya, mimi ndiye mdomo. Kazi ilienda vizuri. "Mama, mwambie anipitishie waya." "Saia, pitisha waya." "Mama, mwambie ashike kamba." "Saia, shika kamba." Nilijiona na mimi mhandisi. Halafu akaja jirani yangu, akakaa na kisu chake, akaanza kunisimulia mambo ya mkamwana wake na yule mwalimu wa kwaya.

"Mama, mwambie ashushe pampu," akasema Lesieli kutoka juu ya ngazi.

"Saia, shusha pampu!"

Lesieli anasema hakuishia hapo. Anasema alisema, "Ashushe mpaka kwenye utepe mwekundu." Huenda alisema. Jirani yangu alikuwa amefika patamu.

Saia akashusha. Ule utepe mwekundu uliofungwa kwenye kamba ulipita mikononi mwake, akauona, akajiuliza moyoni. Kijana wa kwingine angetoa kichwa nje akauliza, "Niishie hapa?" Wangu mimi hakuuliza. Dada amesema shusha, yeye nani wa kumhoji dada? Akashusha mpaka kamba ikaisha, akaifunga vizuri, fundo la kupendeza kabisa.

Lesieli aliwasha, maji yakaruka! Watoto wakavua mashati wakaoga palepale, kina mama wakapiga vigelegele, Manase akajifanya ana vumbi jichoni. Alasiri nzima pampu ilivuta, tangi la kijiji likajaa mpaka kufurika.

Waliogundua kwanza ni wanaume, kwenye kava yao ya Jumamosi, kile kinywaji cha mizizi wanachokichanganya na maji. Mtu wa kwanza akapiga funda, akatema. Wa pili akadhani mwenzake ana maringo, akapiga funda, akatema. Asubuhi ya Jumapili chai ilikuwa ya chumvi nyumba kwa nyumba. Na Jumapili kwetu hashiki mtu spana, iwe nini, iwe mvua ya moto. Tukavaa, tukaenda kanisani na kiu. Mchungaji alisimama katikati ya mahubiri kunywa maji, akaitazama glasi kwa muda, akaendelea kuhubiri kwa ukali ambao hatukuuelewa unamlenga nani.

"Akosita," wakaniambia mlangoni, "binti yako ametusogezea bahari, hatutembei tena!"

"Sisi tumeacha kununua chumvi dukani, mwambie asante."

Nilicheka nao, ningefanyaje. Lakini nilikuwa nakufa.

Jumatatu mtu mmoja wa baraza, simtaji maana ni ndugu, akampigia simu Bwana Fonua. Na Bwana Fonua akampigia Lesieli. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, tukasikia sote. "Nakuja na meli ya Alhamisi," akasema. "Kama maji ni ya chumvi bado, nitaleta fundi mwanamume amalizie. Wewe usijali, mwanangu. Dukani kiti kipo."

Lesieli alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, kamba za viatu zimelegea. "Hesabu yangu haikukosea, mama," akasema. "Nimeirudia mara ngapi sijui. Nimeingiza kamba ya kipimo kisimani, pampu iko chini kabisa. Imefikaje kule?"

Nikamwambia. Viazi, jirani, mkamwana, mwalimu wa kwaya, yote. Alinitazama. Kisha akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, akajifuta pua kwa mkono wa shati lake la kazi.

"Nenda ukawaambie wazee," nikasema. "Waambie ni mimi."

"Wataniuliza aliyeshika kamba ni nani. Nimtaje kaka yangu mbele ya wanaume? Siwezi, mama."

Na Saia naye, maskini, alikwishajua. Alikuwa nyuma ya banda la nguruwe, hali, hasemi. Kujitetea kwake kungekuwa kulijadili jina la dada yake kwenye baraza, na hilo halifanywi.

"Sasa inatengenezwaje?" nikauliza.

"Inapandishwa polepole. Mmoja anavuta kamba, mwingine anaangalia kipima chumvi, wanazungumza. Kidogo. Simama. Kidogo tena. Lazima anayevuta aulize, na anayepima ajibu, palepale."

"Nitakaa mlangoni tena, safari hii sitamsikiliza mtu."

"Hapana, mama," akasema, upesi mno.

Nikamwendea mume wangu. Nikamwambia Manase, waruhusu watoto waingie mle ndani pamoja. Akaniambia mimi nimetoka Vavaʻu, huku kuna adabu. Miaka yote hii nimempikia huyu mtu, bado nimetoka Vavaʻu! Basi nikaona hakuna njia. Katika ukoo wao kuna mtu mmoja tu ambaye Manase hamjibu. Nikafunga lu kwenye majani, nyama ya kopo na tui zito, majani nimeyaosha kwa maji ya mwisho ya mvua yaliyobaki kwenye chupa, nikashika njia ya kwa Toakase.

Alikuwa kibarazani anajipepea. Hakuinuka.

"Akosita," akasema. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu, wifi."

"Basi umepotea njia. Wewe hapa kwangu huji bila jeneza."

"Nimekuletea lu."

Alifungua jani moja, akanusa, akanitazama. "Ina tui la nazi mbili. Unataka nini?"

Nikamweleza. Sikuwa nimewahi kumwomba kitu yule mwanamke. Nikamweleza kiti cha dukani, nikamweleza ʻEseta, nikamweleza wale wawili na kile kibanda. Alikula huku akisikiliza. Nilipomaliza akalamba kidole.

"Kwa nini hukuja Jumamosi?"

Hapo nikashindwa kujizuia. "Kwa sababu ningekuja ungenichukulia na beseni! Umechukua nguruwe, umechukua feni, umechukua mkeka wangu nilioharibia macho, sijui hata umeutupa wapi."

"Uko Suva."

"Nini?"

"Mkeka wako uko Suva. Uko sebuleni kwa yule mama wa Kitonga aliyekaa na Lesieli. Na kabla ya huo nilimpelekea wa kwangu miwili, na feni pia, maana binti alisema chumba chake joto. Akosita, wewe ulidhani yule mtoto miaka yote ile alilala wapi, juu ya mti?"

Sikuwahi kuuliza. Mimi! Nilikaa pale na kikapu kitupu mapajani.

"Na nguruwe?" nikauliza mwishoni.

"Nguruwe nilimla," akasema. "Haya, nenda. Kesho asubuhi mpige pasi Saia shati."

Kesho yake alikuja mchana kweupe, barabara ya katikati, kila mtu amwone. Amevaa nguo nyeusi na mkeka mkubwa kiunoni, vazi letu la heshima, kama anakwenda kuzika mtemi. Nyuma yake wajukuu wanabeba mto, feni ya mkono, birika na mkeka wa kukalia. Akapita baraza la wazee bila kusalimia, akafika nyumba ya pampu, akasimama mlangoni akaichungulia.

Manase akaja mbio, shati halijafungwa vifungo. "Dada, karibu. Kuna nini?"

"Hii nyumba nani kajenga?"

"Mimi, dada. Na mabati yangu, kwenye kiwanja chetu."

Toakase akainua kidole. Nilikiona kile kidole kikipanda, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakishangilia.

"Naichukua," akasema.

Jirani yangu akaziba mdomo. "Dada," akasema Manase, "ni nyumba ya pampu."

"Naona. Nimeipenda. Ni yangu tangu sasa. Una neno?"

Manase hakuwa na neno. Nani ana neno? Toakase akaingia, akatandika mkeka wake kando ya kisima, akaketi, akajaza nusu ya nyumba. Kisha akaita kwa sauti iliyofika mpaka banda la nguruwe.

"Saia! Njoo kwangu! Lesieli! Njoo kwangu!"

Saia alikuja na shati limepigwa pasi na mkeka kiunoni, jasho linamtiririka. Lesieli na viatu vyake vigumu. Walisimama kila mmoja ameangalia ukuta wake. Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu, bila viazi.

"Sikilizeni," akasema Toakase. "Hapa ni nyumbani kwangu, na mimi nimekaa katikati yenu. Adabu ya humu naipanga mimi. Saia, shika kamba. Na ukiwa hujui, utamwuliza dada yako. Kwa mdomo wako mwenyewe."

"Shangazi," akasema Saia kwa sauti ndogo, "siwezi kumhoji dada."

"Nani kasema umhoji? Nimesema umwulize. Dada yako amesoma kwa ajili ya kuulizwa! Asipoulizwa, amesomea nini? Ukinyamaza mbele yake leo, umenivunjia heshima mimi. Vuta."

Akaanza kuvuta. Kamba ikapanda taratibu, maji yanadondoka. Lesieli amepiga magoti na kipima chumvi, macho kwenye namba. Ikapanda, ikapanda. Nikamwona mwanangu anafumbua mdomo, anafumba, anafumbua. Toakase akaacha kujipepea.

"Dada," akasema Saia. "Niishie wapi?"

Lesieli alijifuta macho kwa kiganja, akarudi kwenye namba. Watu wa chuo walikuwa wamemwuliza maswali, Bwana Fonua alikuwa amemwuliza maswali, yote ya kumtega. Huyu alikuwa anauliza kwa sababu anataka jibu.

"Bado kidogo, kaka," akasema. "Vuta kidogo. Simama."

"Hapa?"

"Kidogo tena."

"Hapa, dada?"

"Hapohapo. Funga."

Wakaenda hivyo, wakipandisha, wakipima, wakijaribu mvuto mdogo, na kila Saia alipouliza sauti yake ilizidi kutoka. Kufika saa sita alikuwa haulizi tena niishie wapi, anauliza kwa nini. Kwa nini hapa na si pale? Mchana bahari ikijaa, inabadilika? Wala hakuna paa lililoanguka. Toakase alikuwa amelala usingizi ameegemea ukuta, feni tumboni, anakoroma. Walimwaga tangi lote, wakaliacha lijae polepole.

Meli ya Alhamisi ilifika na Bwana Fonua ndani yake, na fundi wake mwanamume, na sanduku la vifaa. Akaja moja kwa moja kisimani, akataka kuingia.

"Viatu," ikasema sauti ndani.

"Samahani?"

"Vua viatu. Hii nyumba ina mwenyewe."

Alivua. Mama yake Bwana Fonua ni wa ukoo wetu, alikwishamtambua nani anamsemesha. Saia akamkingia maji kwenye kikombe, akampa kwa mikono miwili. Kijiji kizima kilikuwa nje kinachungulia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa jirani yangu, nikambana mpaka akalalamika.

Akanywa. Akanywa tena. Akamaliza, akarudisha kikombe kuomba kingine. Nje watu wakapiga kelele kiasi kwamba mbwa walikimbia.

"Nani aliyerekebisha?" akauliza.

"Dada yangu ndiye mhandisi," akasema Saia, wazi kabisa, mbele ya wanaume wote. "Mimi nilishusha pasipo kuuliza. Sasa nauliza."

Bwana Fonua akajikuna kichwa, akaanza kusema kwamba vizuri sana, vizuri sana. Toakase akamkatiza.

"Mwanangu, kile kiti kilichopo dukani kwako, kile kitupu. Ni cha mbao au cha plastiki?"

"Cha mbao, shangazi. Kina mto."

Kidole kikapanda. "Niletee. Nyumba yangu hii haina kiti na mgongo unaniuma."

Niliangalia uso wa Lesieli. Sijui niuelezeje. Alikuwa darasa la tatu tena, katikati ya cherehani yangu. Kiti kilikuja na meli iliyofuata, na mto wake, na Toakase akakikalia mpaka kikazoea umbo lake. Na dukani hakikuwekwa kingine, kwa sababu baada ya miezi kadhaa Lesieli alimwambia Bwana Fonua kazi za visiwa zimemzidi, anamhitaji ʻEseta. Siku hizi wanakwenda wote wawili na ngazi zao. Koki anauza mpwa wa Bwana Fonua, kijana mzuri, hesabu hajui.

Saia alioa, akapata binti, wakampa jina Toakase, wangempa lipi? Mtoto alipotimiza mwaka tulifanya sherehe kubwa. Na aliyekaa mbele, pembeni ya keki, na mkeka kiunoni, alikuwa Lesieli. Yeye ndiye shangazi sasa. Wifi yangu aliletewa kile kiti cha mbao, akakaa pembeni anajipepea.

Mimi najua kuishi. Nilikuwa nimesuka mkeka mwingine wa sherehe, mzuri kuliko wa kwanza, na asubuhi ile niliukunja nikausukuma chini ya kitanda nyuma ya masanduku. Nikatoka jikoni nimekunjua uso, roho nyeupe. Lesieli akaulizwa atachukua nini. Akatazama nguruwe, akatazama vitambaa, akageuka akanitazama mimi.

"Mama," akasema, kidole juu, "ule wa chini ya kitanda."

Watu walicheka mpaka mchungaji akashika nguzo. Toakase aliangusha feni. Nikaenda nikautoa mwenyewe, ningefanyaje, ni haki yake, na nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Na mnajua ameupeleka wapi? Ameutandika kwenye nyumba ya pampu! Mkeka wa sherehe! Kila Jumamosi wasichana wa sekondari wanaketi juu yake na spana, wanafungua mota za zamani na kuzifunga, na mjukuu wangu anatambaa katikati yao anatia skrubu mdomoni. Saia anasimama mlangoni, anawaambia ulizeni, ulizeni, dada yangu hapendi mtu anyamaze. Juzi nilipita na maji ya kunywa nikaona doa la grisi pale katikati, kubwa kama kiganja. Nilifumbua mdomo kugomba. Msichana mmoja akainua uso akaniuliza kama najua kwa nini mota ya cherehani haihitaji skrubu zote.

Nikamwambia akamwulize shangazi yake Lesieli. Mimi nimeshaanza kusuka mwingine, na sijui safari hii nitauficha wapi.